Mlima wa Majuto kwa Mguu Mmoja

Kwako Dada Mkubwa,

Siku nikifa, Dada, miguu hii isizikwe. Iwekwe kwenye kabati la kioo, watoto wa shule wapange foleni waje kuitazama, na mwalimu wao awaambie kwamba hii ndiyo miguu iliyoupanda Mlima wa Majuto wote mpaka juu, mmoja ukifanya kazi na mwenzake ukining'inia tu kama mgeni aliyekuja kula. Najua hapo umeshasonya. Sonya upendavyo, lakini nina mashahidi watano, na mmoja wao amefundisha hesabu maisha yake yote.

Basi pokea salamu kwanza, maana nisipozituma utasema sikulelewa, na aliyenilea nusu ni wewe. Hujambo huko chuoni? Wanakulisha? Hao watoto wachanga mnaojifunza kuwapokea wanatoka salama, au wakiuona uso wako wanataka kurudi walikotoka? Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, goti lake limetulia tangu aanze kulikanda kwa maji ya moto, ila mdomo bado haujatulia. Anakusalimu sana, anasema ule vizuri, ulale mapema, na usimwamini mwanaume anayejisifu. Hilo la mwisho alilisema akinikazia macho mimi, sijui kwa nini. Chumba chako nakitunza. Nalala humo kila siku ili kitanda kisipate vumbi.

Barua yako ilifika Jumanne. Nimeisoma mara tatu, na pale ulipomtaja Fundi Kimya nimepasoma mara tano. Unasema Mwalimu amekuandikia kwamba Fundi alimharibu Kijani, na kwamba ukirudi mwisho wa mwezi huu hutampelekea tena baiskeli yako, wala hutapita mbele ya karakana yake, hata salamu humpi. Halafu unaniuliza mimi ilikuwaje. Nitakueleza, Dada. Usinikimbize tu. Barua ni yangu na usukani nimeushika mimi.

Nianze na Kijani mwenyewe, hiyo baiskeli yako, kwa sababu ndiye unayemkumbuka kuliko ndugu yako wa damu. Siku ile ya kuondoka uliniachia pamoja na amri tatu, ukazihesabu kwa vidole mbele ya Mama: asilale nje kwenye umande, asiachwe bila kufuli, na mimi nisishike spana. Pancha niruhusiwe kuziba, upepo niruhusiwe kujaza, mnyororo niruhusiwe kuupaka mafuta, lakini kitu chochote kinachofungwa kwa spana ni cha Fundi Kimya peke yake. Ukanikumbusha ile saa ya ukutani niliyoitengeneza nikiwa darasa la tano, ambayo mpaka leo inakwenda kinyumenyume. Nikaapa.

Basi sasa mimi na Kijani ni watu wanaojulikana. Kila asubuhi tunakwenda kilomita kumi na moja mpaka kiwanda cha madaftari, na kila asubuhi tunamkuta meneja wetu palepale kwenye ile foleni ya kabla ya mzunguko, ndani ya gari lake, vioo juu, tai imemkaba. Mwanzoni nilikuwa napita kimya kwa adabu. Siku hizi nagonga kioo kidogo kwa kidole, namwamkia shikamoo, naondoka zangu. Akifika kiwandani ananikuta nimeshanawa uso, nimebadilisha shati, nimesimama kwenye meza ya gundi nasubiri kazi kama mtu aliyelala hapohapo. Wiki iliyopita aliniita akaniuliza huwa naamka saa ngapi. Nikamjibu kwamba naamka saa ileile anayoamka yeye, tofauti ni kwamba mimi naamka pamoja na miguu yangu. Msimamizi wa mashine ya kukatia karatasi alicheka mpaka akaisimamisha mashine, na meneja akasema ama nitafukuzwa ama nitapandishwa cheo, bado hajaamua.

Yule mbwa wa kiwanda cha vigae unamkumbuka? Bado yupo na bado ananichukia. Zamani nilikuwa nashuka na kujificha nyuma ya baiskeli, nakiri, usimwambie mtu. Sasa namwona kama kocha wangu. Akitokea kwenye lile geti nainuka kwenye kiti, nakanyaga, naye ananipa kasi ambayo hakuna binadamu angenipa bure. Juzi alichoka kabla yangu. Akakaa katikati ya barabara, ulimi nje, ananitazama kwa heshima. Wallahi kwa heshima.

Na jioni, Dada, ile barabara ya kurudi inayoteremka tangu kwenye tangi la maji mpaka shule ya msingi! Uliponiambia kwamba hapo ndipo mtu anapopumzika kweli, nilidhani ni maneno ya watu waliosoma. Kumbe ni kweli. Naacha kukanyaga, magurudumu yanaanza kuimba ule wimbo wao mwembamba, shati linajaa upepo mgongoni, gundi ya mchana kutwa inakauka kwenye vidole, na sifikirii chochote. Mimi, ambaye kichwa changu ni soko! Nikifika kwenye lango la shule huwa nimesahau hata aliyenikasirisha.

Sasa Jumapili. Kundi lako lilinipokea kwa sababu yako, wakabaki nami kwa sababu yangu. Mwalimu bado anahesabu mizunguko ya pedali kwa sauti kila akipanda. Daktari wa Meno ana baiskeli mpya nyepesi kiasi kwamba upepo ukivuma anaishika kama mtoto, lakini yeye mwenyewe hajapungua hata robo kilo. Dereva wa Basi bado ndiye mwanamke mwenye matusi matamu kuliko wote barabarani. Siku sita anawatukana waendesha baiskeli, siku ya saba anawatukana wenye magari. Na wale Mapacha wa Mapazia bado wanagombana nani atangulie. Walipoona ninavyokimbia wakaniuliza jina langu la barabarani. Nikawaambia Upepo. Dereva wa Basi akasema ameshaongea na Mama sokoni, na jina langu ni Kiroboto. Mambo yakaishia hapo.

Ile sheria ya Mlima wa Majuto bado wanaifuata. Anayetangulia kufika juu haruhusiwi kukaa. Anageuza, anashuka, anamfuata aliye nyuma kabisa na kupanda naye tena. Wameniambia kwamba mwaka mzima aliyekuwa akigeuza ni wewe, na kwamba tangu uondoke wanagombania nafasi yako lakini hakuna anayeitaka kwa moyo. Nilijisikia mrefu kidogo, basi.

Jumapili tatu zilizopita tuliufika mlima jua likiwa bado changa. Nilikuwa wa kwanza, Dada, nakuapia, mbele ya Mapacha kwa baiskeli mbili nzima. Kwenye kona ya kwanza, pale penye nguzo ya simu iliyoinama, nikasikia mguu wa kushoto umekanyaga hewa. Nikatazama chini. Pedali ya kushoto imeng'oka, inabingirika yenyewe kuteremka mlima kama inarudi nyumbani kunishtaki kwa Mama. Mapacha wakanipita wakicheka. Daktari akanipita akihema. Mwalimu akanipita akihesabu. Dereva wa Basi akaniambia nishuke nisukume kama watu wenye akili.

Sikushuka. Nilijiambia kwamba hii ni baiskeli ya dada yangu na dada yangu hajawahi kuisukuma kwenye mlima huu. Nikakanyaga kwa mguu wa kulia, nikaivuta pedali kurudi juu kwa kile kikapu chake kinachoshika vidole vya mguu, nikakanyaga tena. Pumzi moja, mzunguko mmoja. Kobe angenipita na kunipungia mkono. Nilikuwa wa mwisho, tena wa mwisho wa kuonekana kwa darubini.

Halafu nikawaona. Mapacha walifika juu, wakageuza. Daktari akageuza kabla hata hajafika. Mwalimu akageuza. Na Dereva wa Basi, ambaye kwa miaka yote hiyo hajawahi kurudi chini kwa ajili ya mtu, akageuza huku akinitukana ukoo mzima. Wote watano wakashuka, wakanizunguka, wakapanda nami taratibu wakienda upogoupogo ili wasinipite. Mwalimu akawa ananihesabia. Mapacha wakaacha kugombana. Daktari akasema nikifika juu atanikagua meno bure maisha yangu yote, na Dereva akasema bure hiyo aanze na yake. Nilicheka mpaka nikaanza kuyumba, wakapiga kelele nisicheke, nikazidi kucheka. Kona ya pili, kona ya tatu, ile sehemu ya mwisho yenye kokoto ambapo hata wenye miguu miwili hushuka. Nikafika. Wakanishusha kwenye kiti wakanibeba juujuu. Dada, sijawahi kuwa na siku kama ile, na sijui kama nitaipata nyingine.

Tulipotulia, Daktari akamwinamia Kijani akatazama lile tundu kwenye krenki, ule mkono wa chuma unaobeba pedali. Akauliza nani aliyefunga pedali zile, maana zilikuwa mpya. Nikasema Fundi Kimya. Basi wakati wa kurudi nikaiokota ile pedali nikaitia mfukoni, tukapitia kwake, mimi na Kijani juu ya mkokoteni wa mapazia ambao Mapacha walikwenda kuuleta, bado tunacheka na kuimba.

Fundi humsahau, lakini acha nimseme kidogo. Maneno yake bado ni matatu kwa siku, na siku ya mvua mawili. Ukimuuliza kwa nini yeye fundi wa baiskeli anatembea kwa miguu, anajibu "Naanguka," anaendelea na kazi. Zile ndoano sita ukutani bado zipo, na kila Jumamosi mchana baiskeli sita za kundi zilikuwa zinatundikwa pale azikague moja moja kabla ya safari.

Daktari akamwonyesha krenki. Akamwambia kwa ukali kwamba kijana angevunjika shingo. Fundi akaliinamia lile tundu, akaingiza kidole, akakitoa, akakitazama. Halafu akanitazama mimi. Si kwa muda mrefu. Akasema, "Kosa langu." Akamchukua Kijani akaingia naye ndani.

Hayo ndiyo aliyoyaona Mwalimu, na ndiyo aliyokuandikia. Hakukudanganya hata neno. Jumamosi iliyofuata Daktari akapeleka baiskeli yake kwenye lile duka kubwa la mjini lenye vioo. Mapacha wakamfuata. Dereva naye. Mwalimu alisitasita, maana ni miaka kumi na tisa anatundika pale, lakini mwisho naye akaenda. Nilipopita kwenda kumchukua Kijani nikakuta ndoano tano tupu na moja ina baiskeli yako. Fundi alikuwa anafagia mahali palipokuwa safi.

Sasa nikueleze ambalo Mwalimu hakuliona. Kaa chini kama umesimama.

Zile pedali mpya nilizinunua mimi. Zilikuwa zawadi yako ya kurudi, zile pana zenye meno ulizokuwa ukizitamani kwenye baiskeli ya Daktari. Nilitaka ushuke kwenye basi uzikute, uniulize nani kazifunga, nikujibu kwamba ni mimi, mwenye saa ya kinyumenyume. Kwa hiyo nikashika spana. Nilianza upande wa kushoto, nikachukua pedali mojawapo, nikazungusha kulia kama inavyofungwa kila kitu duniani. Ikagoma. Nikaweka bomba kwenye mpini wa spana, nikaliegemea kwa uzito wangu wote. Ikaingia, ila ililia, na vumbi la chuma likadondoka sakafuni kama unga. Nikajisifu. Nilipokwenda upande wa kulia na ile iliyobaki, haikukubali hata mzunguko mmoja. Ndipo nilipogundua kwamba pedali hazifanani: ya kushoto peke yake imechongwa kinyume, inafungwa kwa kuzungusha kushoto, na mimi nilikuwa nimeisokomeza ya kulia mahali pa mwenzake. Nikaing'oa. Ya kulia ikakaa vizuri kwake. Lakini tundu la kushoto lilikuwa limekwisha, meno yote ya ndani yamelika, laini kama koo la chupa.

Mtu mwenye akili angekwenda kwa Fundi saa ileile. Mimi nilikwenda kiwandani. Nikachukua uzi mweusi tunaoshonea madaftari, nikauzungusha kwenye shina la pedali, nikapaka gundi yetu ya moto, nikasokomeza, nikaacha mpaka asubuhi. Ilishika siku kumi na moja, na Jumamosi zilipofika sikumtundika Kijani kwa Fundi, nikisingizia kazi. Gundi ile ni nzuri kweli, nilitaka hata kumwambia meneja.

Kwa hiyo Fundi alipokitazama kile kidole chake, alichokiona ni uzi mweusi na gundi ya madaftari, na katika wateja wake wote anayefanya kazi kwenye gundi ni mmoja. Alijua palepale. Kule juu nilidanganya nikiwa bado natoka kwenye mabega ya watu, nikajiambia ni neno dogo, Fundi atakataa, tutacheka. Hakukataa.

Barua yako ilipokuja nilishindwa kula, na Mama akanipima joto. Jana baada ya kazi nikaenda kwake nikamweleza yote. Hakushangaa, aliendelea kunyoosha ringi. Nikamuuliza kwa nini alijibebesha. Akaigeuza ringi upande wa pili, nikadhani maneno ya siku hiyo yamemwishia. Halafu akasema sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia, akaisema bila kuinua kichwa: "Nilikusikia ukicheka tangu kule kwenye mzunguko, nikaona nisikukatishe."

Leo ni Jumamosi, nakuandikia nikiwa kwenye benchi lake. Amekaa mbele yangu anasafisha mnyororo wa Kijani. Anadhani naandika majigambo kama kawaida yangu, na mara mbili amecheka peke yake kwa pua. Krenki amebadilisha tangu wiki ile ile, bila kuulizwa, ameitoa kwenye baiskeli kuukuu. Ile ya kulia nyeusi, hii ya kushoto inang'aa fedha, kwa hiyo Kijani anaonekana kama mtu aliyevaa soksi za watu wawili. Lakini anakwenda, Dada. Nimemjaribu mpaka kwenye tangi la maji. Ile safari ndefu unayoipanga ukirudi utakwenda naye, na pedali zako pana ziko pale, zimefungwa na mtu anayejua.

Kesho tukifika chini ya mlima, kabla mtu hajakanyaga, nitawasimamisha wote watano niwaambie kama nilivyokuambia. Wakitaka kunivua ubingwa wavue. Wakitaka nipande tena kwa mguu mmoja wakinizomea, nitapanda. Jumamosi ijayo nataka ndoano zote sita zijae, na isipowezekana nitakwenda nyumba kwa nyumba kuwapigia kengele. Wewe nimekuanza kwa sababu wewe ndiye ninayekuogopa zaidi. Nina ombi moja tu: siku ukishuka kwenye basi, upitie karakana kwanza, umpe shikamoo yake, ndipo uje nyumbani unichape. Fimbo nitakuandalia mwenyewe, ila nitaichagua nyembamba.

Mama anasema nisisahau salamu zake, na anauliza kama huko kuna baridi akutumie sweta. Msimamizi wa mashine anakusalimu ingawa hakujui. Mbwa wa vigae naye, nadhani. Wasalimie wenzako wote wa chuo, na hao watoto wapya waambie wasiwe na haraka ya kukua, kuna pedali huku.

Krenki imepatikana nyingine, tundu halipo tena, na mlima niliupanda kweli. Kilichoharibika ni kimoja, Dada, na hakuna spana yake: nilisimama kwenye mlango ule nikimtazama mtu akibeba kosa langu, nikanyamaza, mimi ambaye sijanyamaza tangu siku niliyozaliwa.

Ni mimi mdogo wako,
Kiroboto